Umeme na Maumivu ya Moyo: Mhadhara kwa Wakaazi wa Mjambere

  

Nimeombwa nieleze tiba inayotumia umeme kusisimua neva za mgonjwa mwenye maumivu makali ya kifua yatokayo moyoni. Nimelikubali ombi hilo kwa furaha, kwa sababu habari za tiba hii zimeanza kusambaa nusu nusu. Wako waliosikia kwamba upasuaji wa moyo sasa hauna haja, umeme watosha. Wako pia walioona vimashine vya betri vikiuzwa madukani, wakashauriwa wajibandike kifuani. Lengo langu leo ni kueleza tiba yenyewe ilivyo, ilikotoka, yamfaa nani, na kwa nini kwa wengi wetu hapa Mjambere, Kisauni, siyo ya kuanza nayo. Nitakwenda hoja baada ya hoja, na maswali nitayapokea mwisho.

Hoja ya kwanza: maumivu haya ni yapi

Mchukueni mzee asukumaye mkokoteni wa maji. Sote twamjua, maana mifereji yetu ikikauka ndiye atuokoaye. Amepakia mitungi kumi na tano ya lita 20, yaani kilo 300 za maji, bila kuhesabu mkokoteni wenyewe. Anapofika penye mwinuko, kifua kinambana katikati. Uzito unapanda hadi tayani, unashuka mkono wa kushoto, jasho jembamba linamtoka. Anasimama, anaegemea mitungi. Dakika chache zikipita uzito unaondoka, naye anaendelea na safari. Kesho mambo ni yaleyale, mahali ni palepale.

Maumivu yajayo mtu akijitahidi na kuondoka akipumzika ndiyo madaktari waitayo anjina. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliyaeleza mbele ya madaktari wenzake mjini London, na maelezo hayo yakachapishwa 1772. Alisema huja mtu akitembea, hasa akipanda mlima, na hasa akiwa ametoka kula. Daktari wa leo akimsikiliza mzee wetu wa mkokoteni atasikia jambo lilelile.

Sababu yake ni hii. Moyo nao ni nyama, na nyama hiyo hulishwa kwa mishipa yake yenyewe ya damu. Mafuta yakijijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo, njia hubanwa. Mtu akiwa ameketi, damu ipitayo yatosha. Akisukuma mkokoteni, moyo wataka damu zaidi na njia haiwezi kuipitisha. Hapo ndipo moyo hulalamika. Kwa baadhi ya akina mama, na kwa wenye sukari, malalamiko hayo huenda yasiwe ya kubanwa kifua kabisa. Huja kama kukatika pumzi, kichefuchefu, au uchovu usio na sababu.

Sasa sisi twasema nini? Twasema ni gesi. Ni alsa. Ni kichomi. Mtu hunywa soda au tangawizi, akapumzika, maumivu yakaondoka, akaamini tangawizi imemponya, kumbe kilichomtuliza ni kule kukaa kitako. Simlaumu yeyote, maana maradhi haya ni mageni kwetu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1929 daktari mmoja aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini hapa Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa wake wapatao 1,800 hakupata hata mmoja mwenye presha ya juu, ambayo ni chanzo kimojawapo cha maradhi haya. Mwaka 1956 Hugh Trowell na mwenzake, kutoka Kampala, waliandika katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, na ilikuwa habari ya kuandikwa jaridani! Miaka ya 1980 watafiti wakawafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakaona presha zao zikipanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini. Na utafiti wa kitaifa wa 2015 ukakuta kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Kutoka mgonjwa mmoja wa kuandikwa jaridani hadi robo ya watu wazima kuwa na presha: mabadiliko hayo yote yametokea ndani ya umri wa wazee walioketi hapa safu ya mbele. Basi haishangazi kwamba mazoea yetu ya kuyatambua maumivu haya yako nyuma ya maradhi yenyewe.

Hoja ya pili: maumivu yana njia, na njia yaweza kuzuiwa

Neva zibebazo habari za maumivu kutoka moyoni huingia uti wa mgongo sehemu ya chini ya shingo na juu ya mgongo. Mahali hapohapo huingia neva za kifua na za upande wa ndani wa mkono. Ubongo hupokea habari hizo zikiwa zimechanganyika, ndiyo maana moyo ukiumia mtu hushika mkono.

Madaktari walipoijua njia hiyo, wazo lao la kwanza lilikuwa kuikata. Mwaka 1916 mpasuaji Thomas Jonnesco wa Bucharest, Romania, alizikata neva za shingoni za mgonjwa wa anjina, na wengine wakamfuata. Wako waliopata nafuu. Lakini neva iliyokatwa hairudi, na upasuaji wenyewe ulikuwa mzito.

Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyogeuza fikra zote. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kitu kama lango. Neva nyembamba hubeba maumivu, neva nene hubeba habari za kuguswa na kusuguliwa. Neva nene zikishughulishwa, lango hujifunga kiasi, na maumivu yapitayo kuelekea ubongoni hupungua. Mama ambaye mwanawe ameanguka humsugua goti papo hapo bila kufundishwa na mtu, na mtoto hunyamaza. Ikiwa mkono wa mama waweza kulifunga lango hilo, waliuliza watafiti, je, umeme mdogo hauwezi?

Hata hivyo, umeme kutuliza maumivu si wazo geni. Karibu mwaka 47 baada ya Kristo, mganga wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye jongo asimame ufuoni, mchangani penye maji, amkanyage samaki hai wa jamii ya taa apigaye shoti, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Samaki wa namna hiyo wavuvi wetu wa Pwani wanamjua, na aliyewahi kumshika nyavuni hahitaji kuelezwa alichokisema Mrumi yule.

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea Marekani. Norman Shealy alimwekea mgonjwa wa maumivu sugu waya wa umeme kwenye uti wa mgongo, na huo ukawa mwanzo wa tiba ninayoizungumzia. Mwaka huohuo Eugene Braunwald na wenzake walieleza jinsi walivyowawekea wagonjwa wa anjina kifaa kinachosisimua neva za shingoni zipimazo presha. Mgonjwa akihisi kifua kinabana, alibonyeza kitufe mwenyewe. Neva zikaupelekea ubongo habari kwamba presha imezidi, moyo ukapunguza kasi, na maumivu yakapungua. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Lakini dawa mpya za kupunguza mbio za moyo, alizozianzisha James Black, zilikuwa zimeshafika, na mwaka huohuo wa 1967 upasuaji wa kuipitishia damu njia ya kando ya mshipa ulioziba ulianza kushika kasi. Kifaa cha shingoni kikaachwa.

Lakini wagonjwa hawakuisha. Walibaki wale ambao dawa zimeshindwa, mishipa yao haifunguki, na kifua hakistahimili kisu tena. Hao ndio Clas Mannheimer na wenzake wa Gothenburg, Sweden, waliowashughulikia. Mwaka 1982 walionyesha kwamba umeme upitishwao juu ya ngozi ya kifua wapunguza anjina. Tatizo likawa ngozi, kwani kubandikwa vibandiko siku nenda siku rudi huiwasha na kuichubua. Mwaka 1987 Murphy na Giles, huko Australia, wakachapisha habari za wagonjwa wa anjina waliowekewa waya ndani, mgongoni, na tangu hapo tiba ikakua, hasa Ulaya.

Hoja ya tatu: jinsi inavyofanywa, na ushahidi uliopo

Nataka mwone kazi yenyewe. Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Hapigwi nusukaputi ya kumlaza kabisa, hutiwa ganzi pale mgongoni tu, kwa sababu daktari anahitaji aongee. Sindano hupenya kati ya pingili, na ndani yake hupitishwa waya mwembamba hadi nje ya utando uufunikao ugwe wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo. Waya hupandishwa taratibu, daktari akiutazama kwenye picha ya eksirei, mpaka ncha yake ifike usawa wa pingili za mwanzo za kifua. Kisha umeme hufunguliwa kidogo. "Wasikia wapi?" Mgonjwa hujibu: begani. Waya husogezwa kidogo sana. "Na sasa?" Mbavuni. Husogezwa tena, mpaka mgonjwa aseme kwamba ganzi ile yenye mtekenyo imekaa palepale kifuani ambapo maumivu yake hukaa. Hapo waya hufungwa usicheze, na betri isiyozidi kiganja huzikwa chini ya ngozi ya tumbo au ya tako. Mgonjwa huenda nyumbani na kiwashio chake. Hujiwashia kwa vipindi vilivyopangwa kila siku, na tena kifua kikibana.

Nalipenda jambo hili. Katika tiba nyingi mgonjwa hulala na mambo yakafanywa juu yake. Hapa bila neno la mgonjwa daktari hajui aweke waya wapi. Maumivu anayoyajua mwenyewe ndiyo ramani.

Je, inasaidia? Utafiti ujulikanao zaidi ulitoka Gothenburg mwaka 1998. Wagonjwa 104 ambao upasuaji ungekuwa hatari kwao waligawanywa kwa bahati nasibu: 53 wakawekewa waya, 51 wakapasuliwa. Baada ya miezi sita, mashambulizi ya anjina yalipungua kwa makundi yote mawili kwa kiasi kilekile. Waliopasuliwa waliweza kufanya mazoezi zaidi, jambo la kutarajiwa, maana wao damu yao iliongezwa kweli. Lakini katika miezi hiyo walifariki saba kati ya waliopasuliwa na mmoja kati ya wenye waya. Miaka mitano baadaye tofauti hiyo ya vifo haikuwepo tena.

Ndugu zangu, nisije nikawavutia upande mmoja. Tafiti za tiba hii nyingi ni ndogo. Tena kuna ugumu ambao dawa ya kidonge haina: mgonjwa aliyewashiwa umeme anausikia, kwa hiyo ni vigumu kumpa mwenzake kifaa bandia bila yeye kujua, na tumaini peke yake laweza kupunguza maumivu. Waya nao huweza kusogea au kukatika, jeraha likapata uambukizo, na betri huisha ikabidi mtu afunguliwe ngozi tena. Ndiyo sababu mwaka 2008 NICE, taasisi itoayo miongozo ya tiba Uingereza, iliiruhusu kwa maumivu sugu ya neva lakini ikasema kwa maumivu yatokanayo na kiungo kukosa damu ya kutosha, kama anjina, itolewe ndani ya utafiti tu. Madaktari wa moyo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2019, walisema yaweza kufikiriwa kwa mgonjwa ambaye njia nyingine zote zimeshindikana. Mimi nauona msimamo huo wa Ulaya kuwa wa haki, kwa mgonjwa huyo na si kwa mwingine.

Hoja ya nne: je, hainyamazishi kengele ya hatari?

Hili ndilo swali la kwanza aulizalo kila mwenye busara. Maumivu ni onyo. Ukiyazima, si mtu atakufa bila kujua? Mwaka 1993 watafiti wa Gothenburg waliwajaribu wagonjwa kwa kuuongeza mwendo wa moyo hatua kwa hatua kwa kifaa maalumu. Umeme wa mgongoni ukiwa umewashwa, wagonjwa walistahimili mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuumwa. Tena kemikali za damu itokayo moyoni zilionyesha kwamba moyo wenyewe haukuwa katika dhiki ileile: hitaji lake la oksijeni lilipungua. Na mwendo ulipoongezwa zaidi, maumivu yalirudi. Onyo halikufutwa, lilisogezwa mbele. Haya yanatuambia kwamba umeme unafanya zaidi ya kufunga lango. Huenda unatuliza pia neva zinazouchochea moyo.

Lakini mambo hayo ni ya kifaa kilichowekwa na daktari, kwa mgonjwa aliyekwisha kupimwa mishipa yake. Msiyahamishie kwa mashine ya dukani.

Hoja ya tano: na sisi wa Mjambere?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini kuliko kote. Mgonjwa wa Gothenburg aliyewekewa waya alikuwa amekwisha kunywa dawa zote, amepigwa picha za mishipa, pengine amepasuliwa mara mbili. Alifika kwenye umeme baada ya kupita milango yote. Mzee wetu wa mkokoteni hajagonga hata mmoja. Maumivu yake hayakushinda tiba, tiba haijamfikia. Yuko mbali nayo kwa sababu siku moja ya kwenda kliniki ni siku ya njaa nyumbani, kwa sababu dawa za mwezi zataka fedha kila mwezi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si gesi. Kumpa mtu huyo umeme wa kutuliza kifua kabla ya kumpima ni kumnyima haki yake ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu vimashine vile vya kubandika ngozini vipo, na kazi vinafanya. Wataalamu wa fiziotherapia wanavitumia kwa mgongo, bega na goti, na wengi hapa wamenufaika navyo. Kwa kifua, hapana. Mwongozo wa Uingereza wa 2011 unawaambia madaktari wasiwape wagonjwa wa anjina isiyobadilika vimashine hivyo kama tiba. Na mtu asivibandike mbele ya shingo kamwe, kwa maana neva zilezile alizozitafuta Braunwald zipo hapo, na presha yaweza kuanguka ghafla. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo asivitumie bila ruhusa ya daktari wake.

Milango ya mwanzo ni ipi? Ni mambo ya bei nafuu kuliko waya wowote. Kupima presha na sukari. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho huchukua dakika chache na hakiumi. Kuacha sigara. Aspirini ndogo ya kila siku, dawa ya kupunguza mafuta ya damu na dawa ya kupunguza mbio za moyo, kwa yule ambaye daktari amempangia. Na kidonge au dawa ya kupuliza chini ya ulimi, nitrogliserini, ambayo daktari William Murrell aliandika habari zake mwaka 1879 na hadi leo haijapata mrithi. Atumiaye nitrogliserini akae kitako kwanza, kwa sababu presha hushuka. Na vijana na wazee nisikieni: mtu asiichanganye kamwe na vile vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kimyakimya. Mchanganyiko huo unaua.

Maumivu yakizidi dakika kumi na tano, au yakija mtu amepumzika, hiyo si anjina ya kungojea. Atafute gari, awahi hospitali kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, au iliyo karibu naye. Kama hana mzio wa aspirini wala hatokwi damu, atafune moja ya miligramu 300. Asivuke Daraja la Nyali juu ya bodaboda akiwa peke yake nyuma. Awe na mtu wa kumshika.

Mwelekeo wa mbele

Afrika Mashariki haijakaa mikono mitupu. Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015, Kampala ina taasisi yake Mulago, na Nairobi ina wataalamu wa kufungua mishipa. Naamini siku itakuja ambapo mgonjwa wa Pwani aliyekwisha kupita milango yote atawekewa waya wa mgongoni hapahapa Mombasa, na madaktari wa moyo, wa maumivu na wa fiziotherapia watakaa meza moja kumjadili. Vijana wa sekondari mlio hapa, mnaopenda fizikia na baiolojia kwa pamoja, kazi hiyo inawangoja nyinyi.

Lakini siku hiyo itajengwa juu ya ngazi tunayoweza kuikanyaga sasa. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha na ya kupimia sukari. Nawaomba nyinyi wahudumu, mkipita nyumba kwa nyumba, ongezeni swali moja: "Kifua hukubana ukitembea, kikaachia ukipumzika?" Maimamu na wachungaji, liulizeni swali hilo misikitini na makanisani, kwa sababu wanaume wa mtaa huu hawaendi kliniki lakini Ijumaa na Jumapili wanakuja. Wenye mikokoteni, madereva wa tuktuk na akina mama wa vibanda vya viazi karai, wafuateni walipo. Msingoje waje. Na kila familia ijiandikishe kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024, kabla ya kuugua, si siku ya kuugua.

Na wewe uliyeketi hapa ukikitambua kifua chako katika maneno yangu, nawe umelificha jambo hili kwa mkeo au mumeo kwa miezi: usitoke ukumbini bila kusema na mmoja wa wahudumu walio pale mlangoni. Presha utapimwa jioni hii hii bila malipo, nawe uende ukafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo wiki hii.

 Sasa nayapokea maswali.